Nywele za Mwanatumu

Sikumnyoa mwanangu. Hapa mtaani Bondeni wanasema Mwalimu alimnyoa binti yake kwa hasira, na wengine wanasema ana pepo. Mimi ndiye mamake. Nimesomesha watoto wa watu miaka ishirini na sita, na nitaeleza ilivyokuwa.

Mwaka 1993 mume wangu, Jaffar, alipunguzwa kazi bandarini. Tukaamua watu wasijue. Kila asubuhi nilimpigia shati pasi, naye akatoka saa moja kama kawaida, akaenda kukaa ufukweni Mama Ngina mpaka jioni. Mwanatumu alikuwa na miaka tisa. Nilimfundisha jibu moja.

Kila Alhamisi alasiri nilimkalisha kati ya magoti yangu, nikamtia mafuta ya nazi na kumsuka, kama mamangu alivyonisuka. Hapo ndipo nilipomuuliza.

"Nani kakuuliza habari za baba wiki hii?"

"Bi Mejumaa, wa nyumba ya pili."

"Ukamwambiaje?"

"Baba yuko kazini."

"Ulimtazama usoni?"

"Ndiyo, mama."

"Kaamini?"

Hakujua. Nami nikavuta msuko. Siku hizo nilikuwa silali, na mkono wangu ulikuwa mzito. Hakulia hata mara moja.

Nyuma ya sikio nikaona pana uwazi, padogo kama kifungo cha shati. Nikadhani ni mba, nikasuka nywele za juu zipafunike. Pakazidi kupanuka. Jaffar alifariki mwaka 1995. Nikiwa edani niliona afadhali mtoto sasa atapumzika na lile jibu. Siku ya kufua nikakuta nywele chini ya mto wake, kazing'oa mwenyewe, kazifunga kwa uzi vishungi vishungi.

Mwaka uliofuata tulikwenda harusini. Ndani, wanawake peke yetu, tumevua mabuibui, mtandio ukamteleza Mwanatumu.

"Mwalimu," Mejumaa akasema, "kuku wako kanyonyolewa na nani?"

Wakacheka. Mwanatumu akamtazama usoni, akamjibu kwa adabu, "Baba yuko kazini."

Kicheko kilikatika.

Nilimpeleka kwa daktari, mwanamke mpole. Hakuanza na mtoto. "Mama, wewe unalala?" aliniuliza. Nikamwambia mgonjwa ni huyu. Akasema huyu hatapona peke yake, turudi sote wawili kila Jumanne, nami niseme yangu. Tulipotoka, dadake Mejumaa alikuwa ameketi kwenye benchi la nje. Hatukurudi.

Sasa ni mwaka 1998. Mwanatumu ana miaka kumi na minne na hashuki kutoka chumba cha juu. Alhamisi nikipanda kwake, huja mwenyewe akakaa chini mbele yangu. Nami humpaka mafuta, ingawa hapana cha kusuka. Simuulizi kitu siku hizi. Yeye hujibu tu.

Sikumnyoa. Mlitaka kujua, mmejua. Mengine ni ya nyumba yangu, na sisemi.