Siku Tulipomlimia Mwenye Nyumba

Mimi ni mtu wa ziwani. Kule kwetu, nilipokuwa mdogo, hakuna aliyepanga nyumba. Mgeni alipewa chumba cha kijana aliyekwenda kutafuta maisha Songea, akala usipa, dagaa wa ziwa letu, na ugali wa muhogo pamoja na wenyeji wake, na siku ya kuondoka akashukuru. Kwa hiyo nilipoolewa na dereva wa ushirika wa kahawa tukahamia Mbinga mjini, kumlipa mtu kwa sababu ya kuta zake kulinikera miaka mingi. Nililipa, tena sikuwahi kuchelewa. Lakini nililipa nikiwa nimenuna.

Tulikuwa na vyumba viwili mwishoni mwa nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma, kando ya barabara ya sokoni. Nilichokipenda pale ni baraza. Cherehani yangu ilikaa hapo, na mtu yeyote aliyetoka gulioni na kitambaa mkononi aliniona mimi kabla ya mafundi wengine. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kimatengo, mkulima wa kahawa kutoka Maguu, mrefu, asiyependa maneno mengi. Alishuka mjini mara moja moja, akagonga kuta kwa fimbo kuona kama zimepata unyevu, akapokea chake akaenda zake.

Kisha soko huria likaingia kwenye kahawa. Ushirika ulikuwa umeshaanza kuyumba, na wanunuzi binafsi walipokuja na magari yao ulikaa chini kabisa. Mume wangu, ambaye alikuwa amefikisha lori hadi Moshi zaidi ya mara moja na kila mtoto wa mtaani alijua honi yake, alipunguzwa kazini pamoja na wenzake. Soko hilohilo lilileta mitumba. Watu wakaacha kushona suruali, wakawa wanakuja kwangu kupunguza tu miguu ya suruali za wazungu. Hata hivyo cherehani ile ndiyo iliyotulisha.

Basi mwaka huo, kabla Kwaresima haijaanza, mwenye nyumba alikuja na hakugonga ukuta wowote. Alisimama barazani akasema kwamba kuna mnunuzi wa kahawa anaitaka nyumba nzima iwe ghala, na kwamba Pasaka ikipita tuwe tumehama. Wapangaji wa vyumba vingine walikuwa wameshaondoka wenyewe, maana wengi walikuwa watu wa ushirika na kazi ilikuwa imekwisha. Tulibaki sisi. Nilizunguka mji mzima kutafuta pengine, na kila nilipobisha hodi niliambiwa chumba kimechukuliwa na mtu wa kahawa. Mume wangu akaanza kusema kwa upole kwamba wazazi wake kule ziwani wana nafasi. Nilijua maana yake. Ni kurudi kwa wakwe mikono mitupu, na kuweka cherehani mahali ambapo mtu anashonesha gauni moja kwa ajili ya Krismasi. Nililia usiku ule, na sikulia kimyakimya.

Kilio changu ndicho kilichowaleta kina mama wa kikundi. Siku hizi wangeitwa asasi, wangekuwa na muhuri na kibao barabarani. Wakati ule walikuwa wanawake wachache wa mtaa wetu na waume zao waliokubali kuburuzwa, wanakutana kwenye jiko la parokia baada ya misa, na kazi yao ilikuwa kuhakikisha hakuna jirani anayetupiwa vyombo nje. Mwenyekiti wao alikuwa mjane mmoja mnene mwenye sauti ya kuimba bezi. Sifa zake zilianzia siku mwenye nyumba wake wa zamani alipopanda juu akaezua bati ili amtoe, naye akaendelea kusonga ugali mvua ikimnyeshea, akampakulia na yule aliyekuwa juu ya paa. Yule bwana alishuka akala, akarudisha bati.

Nilikuwa nikiwaona na kuwacheka. Mimi Mwanglikana, nilidhani wakija kwangu watanitaka nisali rozari kwanza. Hawakuniuliza habari za dini. Walikaa mkekani, wakanywa uji wangu, wakanieleza wanavyofanya kazi. Pesa hawana. Kwenda ofisini hawaendi, kwa sababu ofisini mwenye nyumba anakuwa na haki na wewe unakuwa na machozi. Wao humfuata shambani kwake. Wanamlimia siku nzima bila kudai kitu, na jioni, wakishakaa na kunywa togwa, mwenyekiti anasema kilichowaleta. Sharti lilikuwa moja: mpangaji mwenyewe lazima aende na lazima alime, na afunge mdomo mpaka mwenyekiti afungue mazungumzo. Waliposema hilo la mdomo walitazamana, maana mtaa mzima ulinifahamu.

Tulipanda Maguu kwa lori la rafiki wa mume wangu, mimi nimebeba kifurushi cha usipa wakavu niliotumiwa na mama yangu. Ulikuwa mwezi wa ngoro. Asiyejua ngoro nitamweleza kama nilivyoelezwa asubuhi ile, na laiti ningesikiliza vizuri. Mlima wa Umatengo umesimama kweli, na bila ngoro mvua ingeondoka na shamba zima. Kwa hiyo wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana, mlima ukajaa miraba. Wanawake wanafuata nyuma, wanachimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo. Panabaki mashimo yenye kingo pande zote. Maji yanatulia ndani ya mashimo, na maharage yanaota juu ya kingo.

Mzee alitupokea bila kushangaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha sehemu yangu pembeni. Wanawake walikuwa wanalima na kupiga soga kwa Kimatengo, ambacho nilikisikia nusunusu. Mimi nilikazana. Kwetu tunapanda muhogo kwenye matuta, mchangani, mahali tambarare, na tuta zuri ni lililonyooka. Tena mimi ni fundi cherehani. Nilipoona zile nyasi zilizolazwa kwa kukatiza, nilidhani mume wangu, aliyekuwa akifyeka upande wangu, amezipanga ovyo. Nikaziokota zote za kukatiza, nikaziweka pamoja na zile zinazoshuka, nikafukia. Nikatengeneza matuta marefu, safi, yaliyonyooka kutoka juu hadi chini. Nilijisifu moyoni.

Soga ikakatika. Niliinua kichwa nikaona wanawake wote wamesimama, mmoja amejiziba mdomo kwa kanga. Mume wangu alikuwa anatazama mbali kana kwamba hatujuani. Mwenye nyumba akaja taratibu, akasimama juu ya matuta yangu, akayafuata kwa macho mpaka chini kwenye kijito.

"Mwanangu," akasema, "mvua ya leo tu ikinyesha, udongo wangu wote utaishia ziwani."

Nilikuwa nimechoka, mikono imechubuka, na watu wananicheka. Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki.

"Si ndiko kwetu, baba," nikamwambia. "Ukishanifukuza nitaukuta huko."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alifumba macho. Nilikuwa nimelitoa neno la jioni asubuhi, tena nimelitoa vibaya, na nilitamani mojawapo ya yale mashimo yanimeze. Mzee alishuka kutoka juu ya matuta. Halafu akanyoosha mkono, akalichukua jembe langu. Akaanza kulivunja tuta la kwanza, akazirudisha nyasi mahali pake, akachimba mraba mmoja mpaka ukakamilika, akahamia wa pili. Kufukia nyasi kwa Wamatengo ni kazi ya wanawake. Wanaume wenzake waligeuka upande, wakajifanya wanafyeka. Yeye alikuwa ananifundisha kwa sauti ya chini, hapa udongo uwe mwingi, hapa acha, na baada ya mraba wa tatu mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka.

"Utaukuta huko," akarudia peke yake, akajifuta macho.

Jioni mwenyekiti aliongea vizuri sana, na nadhani alikuwa amejiandaa wiki nzima, lakini mzee hakumwacha amalize. Alisema huyo mnunuzi atafute ghala mahali pengine. Akataka kujua kama wale usipa wana mchanga. Nikamjibu kwamba mama yangu hatumi usipa wenye mchanga, na nikala na kunywa togwa mpaka nikaona aibu. Tuliporudi mjini mume wangu aliimba njia nzima. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu aliporudisha funguo za lori.

Tulikaa. Pasaka ikapita, nikashona sare za kwaya ya Wakatoliki, na vyumba vingine vikapata wapangaji. Msimu wa kahawa ulipofika mji ukajaa magunia na pikipiki. Mzee aliendelea kuja na fimbo yake, anagonga kuta, anapokea kodi ileile, anakwenda zake. Sikuona tofauti yoyote kwake, ila alikuwa anavaa viatu vilevile vilivyotoboka na sikujiuliza kwa nini hajanunua vingine katikati ya msimu, wakati kila mkulima ana pesa.

Mume wangu ndiye aliyegundua. Alikuwa anafanya kibarua cha kupakia magunia, akamwona mzee kwenye njia ya Mpepai, peke yake, anakokota baiskeli yenye gunia. Watu wakamsimulia mengine. Yule mnunuzi aliyenyimwa nyumba ndiye aliyekuwa na mzani mkubwa pale mjini, na kila kahawa ya mzee ilipofika kwenye mzani iliambiwa ina unyevu, ikaanikwe tena. Ilianikwa, ikarudi, ikaambiwa vilevile. Kwa hiyo ikabidi aipeleke Mpepai kwa mnunuzi mwingine, gunia moja moja, kwa baiskeli.

Nilikwenda kwa mwenyekiti nikiwa sijavua hata kipimio shingoni. Alifunga kitenge kiunoni. Kesho yake kikundi kizima kilikuwa nje ya nyumba ambamo mzee alikuwa ameweka magunia yake, wengine na ndoo, wengine na mabeseni. Tuligawana kahawa yake, tukajitwisha, tukaingia njia ya Mpepai. Mzee alijaribu kutukataza, akaona anapoteza muda, akashika baiskeli yake akafuata.

Nilijichelewesha makusudi mpaka akanifikia. Nilikuwa na hasira naye, hasira ya kweli, na beseni likiwa kichwani sikuweza hata kumgeukia vizuri. Nikamuuliza ameficha kwa nini. Nikamwambia kwamba sisi tungelala kwa raha vipi kwenye vyumba vile kama tungejua vinamgharimu hivi, na kwamba neno moja tu angelisema, hata kwa mtoto, lingetufikia.

Aliendelea kusukuma baiskeli.

"Ningesema," akasema, "ungehama."

Ni kweli. Ningehama siku hiyohiyo.