Mara ya Pili Alikataa Peke Yake

Nianze na jiwe, maana bila lile jiwe habari ya Yuliana haina kichwa wala miguu.

Lilikuwa jiwe la maili, fupi kama mtoto aliyechuchumaa, limepakwa chokaa na kuchongwa namba 20. Mkoloni ndiye aliyelipanda kando ya Barabara ya Bagamoyo, mbele kidogo ya Bunju, na sie tuliokuja kulima huko tukapaita Ishirini. Ukipanda basi mjini unamwambia kondakta, "Nishushe Ishirini," naye anakushusha. Mkabala na jiwe palikuwa na mkorosho uliopinda. Nyuma ya mkorosho palikuwa na nyumba ya udongo na makuti, nyumba ya Yuliana.

Yuliana alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, mrefu, mkavu, chale zimejaa uso, na maneno yake machache kama nyama ya sikukuu. Mie ni Mmwera wa Ndanda na mdomo wangu unajulikana hadi Tegeta. Tulipatana kwa sababu hiyo: mie nasema, yeye anakataa.

Alivuka mto mwaka wa sitini na tano pamoja na mumewe Marselino, mchonga vinyago, Wareno wakiwachomea kijiji. Binti yao Eufrazia alikuwa na miaka minane na alikuwa amelala na surua, hawezi hata kusimama. Wakamwacha kwa bibi yake wakisema watamfuata mwezi ujao. Vita ikafunga njia. Kilichobaki ni kumtumia maneno kwa watu waliokuwa wakirudi kusini: tuko Maili Ishirini, njia ya Bagamoyo, kwenye mkorosho unaotazama jiwe. Kila aliyeondoka alipewa maneno hayo hayo, na Yuliana alimtaka ayarudie mbele yake kama mtoto wa shule. Mwaka wa sabini Marselino akafa kwa kifua. Yuliana akabaki na jiwe, mkorosho na yale maneno.

Mwaka wa sabini na tatu wakaja wapima. Walikuja na gari la serikali, kamba, na nguzo fupi za zege walizoziita bikoni. Tukaambiwa kwamba mji unakua, uwanja wa ndege wa Kipawa utabanwa na nyumba, kwa hiyo upo mpango wa kuuhamishia kwetu. Njia ya kurukia ndege itapita katikati ya mikorosho yetu. Mkubwa wao alikuwa kijana mmoja mpole, Elinaza, kaptula yake imepigwa pasi ikanyooka. Alimkuta Yuliana ameketi juu ya jiwe.

"Shikamoo mama. Tunaomba usogee kidogo, tunavuta mstari."

"Marahaba. Vuteni. Mstari hauna miguu, utanizunguka."

Wakamzunguka.

Ofisa mmoja akaja kutufanyia mkutano. Alizungumza sana juu ya maendeleo, jasho likimtoka. Wanaume wetu wakapokezana kuuliza maswali marefu yasiyo na swali ndani yake. Mwisho Yuliana akanyanyuka, na watu wote wakageuka kumtazama, maana hatukuwahi kumwona akinyanyuka mkutanoni.

"Bwana ofisa, ndege ina mabawa, haina?"

"Inayo, mama."

"Basi yenye mabawa ndiyo ihame. Mie sina."

Watu walicheka hadi ofisa mwenyewe akafuta macho. Lakini kesho yake mstari wake uliendelea, na ndipo tulipojua kwamba mtu anaweza kukuchekea na bado akakuvunjia nyumba.

Tukaanza vita yetu. Bikoni zikawa zinapotea. Mpima akipanda tano asubuhi, jioni akipita anakuta mbili. Wanawake tulizigeuza mafiga, zilikuwa na kimo kizuri sana. Niamini nikikwambia nyumba nne za Ishirini zilipikia ugali juu ya uwanja wa ndege. Mie, kwa kuwa nilisoma hadi darasa la nne kwa mapadri na mwandiko wangu haulali chini, nikafanywa katibu. Niliandika barua ya kwenda wilayani na watu wakaweka dole gumba. Hatukuwa na wino wa kidole, tukatumia masizi ya chungu. Dole la kwanza lilikuwa la Yuliana. Alilikandamiza hadi karatasi ikatoboka.

Barua haikujibiwa. Miezi ikapita, wapima wakarudi na bikoni mpya. Hapo ndipo balozi wetu wa nyumba kumi, Albano, mzee mjanja asiyekosa ugoro puani, akatuletea akili yake.

"Jamani," akasema, "sie tumetawanyika kama mbuzi, ndiyo maana tunaonekana pori. Tujipange mstari kule kisimani, tuandikishwe kijiji cha ujamaa. Kijiji kilichoandikishwa nani atakigusa? Serikali itajing'oa jino lake yenyewe?"

Kisimani palikuwa mwendo wa nusu saa, ndani kabisa kutoka barabarani. Yaani ili tusihamishwe, tuhame. Leo ukisikia unaweza kucheka, lakini siku ile niliona ni akili kubwa, na nikapiga makofi ya kwanza. Mikono yote ikapaa. Wa Yuliana ulibaki mapajani.

Nikamfuata kwake nikamkuta anabangua korosho.

"Katibu," akaniambia bila kuinua uso, "tulikataa nini juzi?"

"Tulikataa kuhamishwa."

"Na sasa?"

"Sasa tunahama wenyewe, dada Yuliana. Si sawasawa."

"Haya. Nendeni salama."

"Usiwe na kichwa kigumu. Mtoto wako sasa hivi ni mtu mzima. Akishuka basi hana mdomo wa kuuliza?"

"Anao. Atamuuliza nani? Nyie si mtakuwa mmekwenda?"

Mie nikizidiwa hoja huwa natukana. Nikamwambia, "Watu wanaolewa na wanaume, wewe umeolewa na jiwe."

Akapasua korosho moja taratibu, akaitazama ndani.

"Jiwe halijawahi kuniaga," akasema.

Tulihama ndani ya wiki moja. Mgambo wakafuata nyuma wakiezua makuti ya nyumba zilizoachwa ili mtu asipate hamu ya kurudi. Walipofika kwa Yuliana walimkuta amekaa ndani, mlango wazi, anawatazama. Wakasimama, wakakohoa, wakaondoka. Kamati ikasema mtu mmoja nje ya mstari ataharibu uandikishaji. Basi nikafungua daftari nikamwandika: nyumba namba arobaini na moja, Yuliana, mjane. Nyumba arobaini na moja ilikuwa kiwanja cha nyasi. Wakaguzi walipokuja tuliwaambia mwenyewe amekwenda shamba. Kwenye karatasi Yuliana alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

Kijiji kikaandikishwa. Wapima hawakurudi tena. Kama ni akili ya Albano au mpango ulikuwa umekufa wenyewe huko mezani, hakuna aliyetuambia. Kipawa ikabaki Kipawa na ndege zake. Sie tulichinja mbuzi wawili na kucheza ngoma tangu asubuhi. Hakuna aliyekwenda kumwita Yuliana. Mie nilimkumbuka tukiwa tunakwangua ukoko.

Sasa fikiria mahali palipokuwa na nyumba arobaini na moja, pamebaki moja. Mchana kutwa humsikii mtu, unasikia bibo la mkorosho likianguka. Maji alifuata mwenyewe, kuni mwenyewe. Nikipita kwenda kuuza mihogo barabarani nilimkuta sauti imemkauka kwa kukosa wa kusemeza. Lazima akohoe kwanza ndipo neno litoke. Na neno lilikuwa moja: "Basi limeshusha mtu?" Safari moja aliugua homa siku tatu. Tulijua baada ya wiki, aliponiambia mwenyewe, tena kwa kunisimulia habari ya kuku wake walivyokosa maji.

Msumbiji ilipopata uhuru, Wamakonde wengi wakafunga mizigo. Nikamshauri, mie mshauri wa kila kitu, "Nenda nawe ukamtafute."

"Nikienda yeye akaja, tutapishana," akasema. "Mmoja lazima akae."

Akaanza kufagia uwanja mara mbili kwa siku, na akatoa kigoda cha pili akakiweka nje.

Katika miaka hiyo hiyo watu wa barabara walipita waking'oa mawe ya maili. Nchi ilikuwa imeingia kwenye kilomita. Jiwe la Yuliana walilitupa mtaroni. Akalisukuma mwenyewe hadi likarudi mahali pake, akalisimamisha, akalipaka chokaa. Hatua chache kutoka hapo wakasimika nguzo mpya yenye namba 32. Yuliana hakujua kusoma. Mie ninajua. Niliisoma ile thelathini na mbili kila nilipopita na kapu langu la mihogo, miaka na miaka, na sikufikiri lolote.

Mwaka wa sabini na tisa sukari ilipotea. Ukasikika uvumi kwamba duka la Hamoud, Mwarabu mmoja aliyezaliwa huko huko minazini, kwenye barabara yetu hiyo hiyo upande wa mjini, limepata magunia mawili. Nikadamka. Nilikuta foleni imetoka dukani, imefika barabarani, na mahali pangu palikuwa sawasawa na nguzo ya kilomita. Nikaitazama kwa kuwa sikuwa na kingine cha kutazama. Namba 20.

Mkewe Hamoud, Mahfudha, alikuwa akipita na bilauri ya maji akiwagawia wazee. Nikamwuliza, "Dada, hapa panaitwaje?"

"Ishirini," akasema. "Makondakta ndio waliopabatiza. Tangu nguzo zije."

Nikaishika nguzo kwa mikono miwili. Akaniona.

"Una nini wewe?"

"Hajawahi kuja mtu hapa? Msichana wa kusini, anatafuta mkorosho?"

Mahfudha akaiweka bilauri chini.

"Ee Mola wangu. Unamjua? Mbona ni zamani, mwaka wa sabini na sita! Alishuka hapa na kifurushi. Anatafuta mkorosho unaotazama jiwe. Mwanangu, nikamwambia, hapa unaona mkorosho? Hapa ni minazi mitupu. Alilala kwangu siku tatu, anatembea barabara hii juu na chini, anauliza jiwe. Watu wanamwonyesha nguzo. Siku ya nne akasema, basi mama atakuwa amekufa na mkorosho umekatwa. Akalia hapo barazani. Akaniambia akijaliwa atarudi na ndugu zake wamfanyie mama yake sadaka hapa hapa, kwa kuwa ndipo mama alipowaambia yupo."

Nikatoka kwenye foleni. Mwanamke anayetoka kwenye foleni ya sukari mwaka ule ni mwendawazimu au kafiwa. Nilitembea maili zile zote kwa miguu, kwani kwa basi ningewahi kufika, na sikutaka kuwahi.

Yuliana alikuwa anafagia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nguzo, kilomita, siku tatu, na kwamba mie nilikuwa nasoma ile thelathini na mbili siku zote. Nilingoja anitukane. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kutukanwa.

Aliuliza swali moja tu.

"Alikuwa anatembea?"

Sikumwelewa. Nikafikiri kachanganyikiwa. Halafu nikakumbuka kwamba mara ya mwisho alimwacha mtoto asiyeweza kusimama.

"Anatembea, dada. Kashuka basi kwa miguu yake. Kaitembea barabara siku tatu, juu na chini."

Akaegemea ufagio. Akasema, "Vizuri," akaendelea kufagia hadi uwanja ukaisha.

Asubuhi nilimkuta amefunga mzigo mmoja. Mtu ambaye ofisa, mgambo na kijiji kizima tulishindwa kumng'oa aling'oka kabla jua halijapata moto. Mie nilimbebea chungu. Mahfudha alimpa chumba cha uani, na Yuliana akaanza kuuza korosho za kukaanga, kigoda chake kimegusa nguzo ya kilomita ishirini. Basi likisimama, korosho anazisahau. Anatazama miguu ya wanaoshuka.

Siku ile wakati naaga nilijifanya mwerevu tena. "Na kule je? Akija na ndugu zake, safari hii akaelekezwa kule kwenye jiwe?"

Akanitazama kama mtu aliyekuwa analingoja swali hilo tangu jana.

"Kule utakaa wewe, Katibu."

Huu ni mwaka wa nne. Nyumba yake imeanguka upande mmoja na mkorosho umezidi kuinama. Kila Jumamosi natoka kisimani kwenye mstari wetu mzuri wa nyumba, napita pale ambapo ndege hazikutua, nakaa juu ya jiwe. Hakuna mtu. Unasikia bibo likianguka. Basi la saa tano likitokea nasimama na kuinua mkono, nimwulize kondakta kama ana mtu anayeulizia mkorosho. Siku hizi hapunguzi hata mwendo. Ananitikisia kichwa tangu yuko mbali, nami narudi kukaa.