Posa ya dada yangu ilivyotaka kuondoka na vibakuli vya Kijapani, hapa Maskati

Wakuu, salaam nyingi kwenu, wa Unguja, wa Mombasa, wa bara, na sie tunaochemka huku kwenye joto la Oman.

Haya nnayokwambieni yametokea kwetu, na sikutia chumvi hata chembe. Ingekuwa hadithi ya kutunga ningejipa nafasi nzuri zaidi, maana humu ndani mie nimeonekana bwege zaidi ya mara moja.

Kwa msionijua: naitwa Nassor, Mzanzibari wa Maskati, nakaa Mabela na mke wangu, watoto na mama. Baba alishatangulia mbele ya haki. Kwa hivyo dada yangu mdogo Ruqaya akiposwa, walii wa kumuoza ni mie.

Walii wa jina tu lakini. Mwenye neno ni mama.

Basi Ruqaya kaposwa na Mjapani.

Tulieni kwanza, najua vidole vishaanza kuwasha. Ni Muislamu, kasilimu kabla hata hajamjua dada yangu. Anaitwa Kenji, injinia wa mitambo ya maji. Ramadhani huja kufuturu kwetu. Kijana mtaratibu mpaka anakera! Ukimpa chai anashukuru, ukija kuchukua kikombe anashukuru tena. Mie nampenda, sifichi.

Tatizo ni kuwa mkataba wake unakwisha na anarudi kwao. Ruqaya akiolewa anakwenda naye Japani, kukaa nyumba moja na mama mkwe.

Mama akagoma kujibu. Hasemi ndio, hasemi hapana. Kila nikimuuliza ni yale yale:

"Mwanangu yule hasemi akiwa na njaa. Toka mdogo. Ukimwambia ongeza, ataongeza. Usipomwambia atalala nayo. Huko nani atamwambia?"

Nikamwambia, "Mama, Ruqaya mtu mzima. Anapeleka gari mwenyewe gereji za Wadi Kabir na mafundi wanamuogopa."

"Kugombana anajua. Kuomba chakula hajui."



Mara tukasikia mama yake Kenji anakuja kutuona. Mama akasema, "Ntakula naye kwanza. Nikishakula naye ntakupa jawabu."

Mie nikajua tutapika biriani, mambo yaishe. Wapi! Mama Kenji akasema yeye ndiye anayeposa, yeye ndiye atakayealika, tena kwa chakula cha heshima cha kwao. Chakula chenyewe kinaitwa kaiseki.

Nisikuchosheni. Kaiseki ni vyakula vingi vinavyokuja kimoja kimoja, kila kimoja kidogo, kila mtu na chombo chake. Kuna hoteli moja kubwa ukishapita Azaiba ina mpishi Mjapani anayekipika. Kenji alikwenda mwenyewe kabla, akakaa na yule mpishi mpaka akahakikisha hakuna tone la pombe kwenye supu wala kwenye mchuzi.

Tukafika, mie, mama na Ruqaya. Chumba cha peke yetu, viatu nje, mikeka chini, meza fupi.

Mama akafurahi pale pale. "Kumbe watu wa mkekani hawa!" Akakunja miguu na baibui lake, akakaa utasema yuko kwake. Mie kitambi hichi na magoti haya, nilikaa kwa dua.

Mama Kenji ni bibi mdogo wa umbo, kavaa kimono ya kijivu. Akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka. Mama hakumngoja amalize. Akamkamata, akambusu huku na huku na huku tena. Yule bibi akakauka kama ubao.

Nikasema moyoni, tumeanza.

Kikaja kibakuli cha kwanza. Ndani yake kitu cheupe kiasi cha kidole gumba, na jani. Mie nikala vyote. Kenji akaniangalia, akanyamaza kwa adabu zake. Baadaye ndio nikaambiwa jani lilikuwa pambo.

Mama akaonja, akaacha nusu.

Ikaja supu, akaacha nusu. Akaja samaki mbichi. Mama akaninong'oneza, "Nassor, huyu hawajampika."

"Ndivyo anavyoliwa, mama."

"Maskini," akasema. Sijui alikuwa anamhurumia samaki au wenyewe. Akala kipande kimoja kwa ushujaa mkubwa, vilivyobaki akaviacha.

Akaja samaki wa kuchoma, na huyu nilimuona mama macho yamemng'ara. Kampenda khasa! Na huyu pia kamwacha nusu. Ruqaya pembeni yake, kila mama anapoacha na yeye anaacha.

Watu wa pwani mshaelewa nini kinaendelea. Kwetu sie mgeni mwenye adabu zake hamalizi. Anaacha, mwenyeji anamwambia "mbona hujala, ongeza," anakataa, mwenyeji anashikilia, ndipo anakula akashiba. Mama yangu alikuwa amekaa pale anasubiri kushikiliwa.

Na hakuna aliyemshikilia. Mhudumu anakuja kimya kimya, anaondoa kibakuli, analeta chengine. Kila kikiondoka, uso wa mama unazidi kufunga.

Upande wa pili mama Kenji naye anazidi kunywea. Alianza kwa kutabasamu, sasa anaangalia mikono yake tu. Mpaka mpishi mwenyewe akachungulia mlangoni, uso kama kaambiwa amefiwa.

Kenji akaniinamia, akanambia kwa Kiingereza, "Kaka, mama anauliza tumekukoseeni nini. Kwetu kuacha chakula ni kumwambia mwenyeji hukukipenda. Na vyakula hivi kavichagua yeye mwenyewe na mpishi, kimoja kimoja, kwa ajili yenu."

Jasho likanitoka. AC inavuma na mie natota.

Nikamgeukia mama. "Mama, tafadhali, maliza unavyopewa."

"Nimalize, wewe! Nionekane sijapata kuona chakula? Na mwenyewe hata kunambia ongeza hajanambia. Mtu hakutaki kwenye sahani yake, utampa mwanao?"

Nikarudi kwa Kenji. "Mwambie mama yako atwambie tuongeze."

Kenji akanishangaa. "Muongeze nini, kaka? Kila kitu kimepimwa. Hakuna cha ziada jikoni."

Basi hapo nikajua kwishnei. Nilikuwa naiona posa inatoka mlangoni kwenye trei.

Mhudumu akaingia na chungu cha udongo, akakiweka katikati ya meza. Akafunua, mvuke ukapanda. Wali, umepikwa na samaki na tangawizi.

Sasa wakuu, kwa wenzetu wali ndio kufunga. Ukija wali ujue chakula kimekwisha. Kenji alinambia hilo mapema. Mama hakuambiwa na mtu.

Mama akapandisha mikono ya baibui. "Alhamdulillah! Chakula ndio kinakuja sasa. Kumbe vile vilikuwa vya kuchangamsha mdomo!"

Akampokonya mhudumu mwiko.

Wallahi nilitamani mkeka unimeze. Mama akachukua kibakuli cha mama Kenji, akapakua mlima, akampa kwa mikono miwili. "Kula, mama, kula. Hujala kitu wewe, nnakuona toka saa ile." Kwa Kiswahili, hakungoja mkalimani.

Mama Kenji akautazama ule mlima. Akamtazama mwanawe. Halafu akacheka, kajiziba mdomo na mkono, mabega yanatikisika. Akala wote, hata punje haikubaki. Akanyoosha kibakuli chake kwa mama, anataka tena!

Mama akanitazama. "Huyu mtu kweli," akasema.

Ikawa ndio tunakula sasa. Mama anapakua, kila mtu anakula, mpaka mpishi mlangoni karudiwa na rangi yake.

Ruqaya akamaliza wake. Akaweka vijiti vya kulia chini, macho chini, kimya. Hakushiba, mie namjua dada yangu.

Mama naye kamuona. Alikuwa na mwiko mkononi na hakumpakulia. Akauweka mwiko pembeni ya chungu, akakunja mikono, akatulia.

Hapo nilielewa. Mama anatazama kama yupo mwengine atakayeona.

Mama Kenji akauchukua mwiko. Akainamia chungu, akaanza kukwangua chini. Ule mlio, wakuu, nani asiyeujua?

Ukoko!

Kumbe na wao wanao, na wanaugombania vile vile. Kenji akanambia utotoni mdogo wake alikuwa akimuuma meno wakigombania ukoko. Ukatoka mzima, wa rangi ya dhahabu. Mama Kenji hakujitilia yeye, hakumtilia mwanawe. Akaupeleka kwa Ruqaya.

Ruqaya akatikisa kichwa, akafunika kibakuli kwa kiganja. Adabu zake zile zile, za kuniua.

Yule bibi akakishika kile kiganja, akakiondoa taratibu, akamtilia. Kisha akamuashiria kwa kidevu, kula.

Ruqaya akala wote.

Mama akageuza uso ukutani, akajifuta na ncha ya mtandio. Alipogeuka akanambia:

"Mwambie Kenji amwambie mama yake, nimeridhia. Mahari na mengine yenu nyie wanaume. Mie langu moja tu. Asimuulize kama ameshiba. Amtilie tu, kama hivi."

Nikamwambia Kenji. Kenji akamwambia mama yake. Bibi akaweka mikono yake yote miwili juu ya mkeka, akamuinamia mama, akasema neno moja fupi.

Hakuna aliyeuliza maana yake.

Nilichojifunza wakuu ni hichi. Wale wakina mama wawili walikuwa na nia moja toka mwanzo, kila mmoja anamheshimu mwenzake kwa namna ya kwao, na karibu heshima hizo zituvunjie posa. Mkiwakutanisha wakwe wa mbali na mbali, waambieni kabla vipi upande wa pili wanakula. Na jani msile.

Ndoa ni baada ya Idi, inshallah. Mama ameanza kufunga viungo vya kupelekwa Japani, na ukimwambia mzigo utazidi uzito anakuwa mkali.

Haya, nyie mliooza watoto mbali, au nyie mliokwenda wenyewe, hebu tupeni yenu. Siku ya mwanzo kwa wakwe, kuna mtu aliyeuondoa mkono wako juu ya sahani?