Mke wa Fundi Printa

Pale Magoudjou, mtaa wa Moroni katika kisiwa cha Ngazija, ungeuliza nyumba ya fundi printa, mtu yeyote angekuonyesha kwa kidole: ile pale, kwa Nassurdine. Uongo mtupu. Nyumba ilikuwa ya Oumaya. Kule Ngazija nyumba ni ya mwanamke, hujengewa na wazazi wake, na mume huingia na sanduku lake la nguo; akileta vituko, hutoka nalo. Nassurdine aliingia na masanduku mawili, moja la nguo na moja la bisibisi, na la bisibisi ndilo lililowatoa jasho wachukuzi. Alikuwa mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani, ambako baba yake alitengeneza taipureta katika kichochoro chembamba chini ya ngome.

Chumba cha mbele kikawa karakana. Printa zilijaa mpaka chini ya kitanda, zile za zamani zinazopiga karatasi kwa pini ndogo kupitia utepe wa wino, zikilia kama cherehani yenye hasira. Wateja walipokuja walimwona mume ameinama juu ya mashine na mke akileta chai. Wakaondoka wakijua wanachokijua. Wasichokijua ni kwamba Nassurdine alisoma chuo cha Kurani tu, na Kifaransa cha vijitabu vya mashine kilimpiga chenga tangu ukurasa wa kwanza. Oumaya ndiye aliyemaliza shule. Basi yeye alisoma, mume akafanya. Kompyuta zilipoingia mjini, na zile disketi zenye draiva, yaani programu ndogo inayoifundisha kompyuta kusema na printa, Oumaya alisoma zaidi na mume akafanya kidogo zaidi. Mwisho wa yote, kulikuwa na kazi ambazo Nassurdine alizigusa tu wakati wa kumkabidhi mwenyewe mali yake.

"Wakijua ni wewe, hawatarudi," Nassurdine alimwambia, kwa haya kidogo.

"Waache wanywe chai yao," alijibu Oumaya, na wote wawili wakacheka mpaka machozi.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na tisa. Nzwani ilikuwa imekwisha jitangazia kujitenga, na Moroni watu walikuwa wakinung'unika vibarazani. Mwezi wa Aprili wakubwa walikutana Madagaska, wajumbe wa Nzwani wakakataa kutia saini, na hasira za mji zikashuka. Ziliwashukia wakubwa? Wapi! Zilimshukia muuza vitunguu, seremala, mwalimu wa watoto, yeyote ambaye akifungua mdomo lafudhi inamtaja kwao ni Nzwani. Siku hiyo Nassurdine alikuwa akitengeneza printa katika ofisi ya Bwana Chamsidine, wakala wa kutoa mizigo bandarini. Alitoka kununua mkate, akakutana na kundi la watu, akageuka mbio kurudi ofisini. Mlango ulikuwa umefungwa. Aligonga, akaita kwa jina. Chamsidine alikuwa ndani, amesimama nyuma ya mlango na ufunguo mkononi, na hakufungua. Hayo Oumaya alisimuliwa na Nourhane, karani wa ofisi ile, aliyeyaona kwa macho yake na kulia wiki nzima.

Nassurdine alipakiwa kwenye lori kama gunia, akashushwa bandarini na bisibisi mfukoni. Oumaya alipopata habari alitupia nguo za mumewe katika sanduku akakimbia nalo kichwani. Boti ya Nzwani ilikuwa imeshang'oa nanga. Alirudi na sanduku lile lile, akaliweka juu ya kabati, akaapa kwamba halishuki pale mpaka mwenyewe aje alishushe. Mama yake alimwambia aombe talaka, mwanamke hawezi kukaa na mume wa juu ya kabati. Oumaya akalipangusa sanduku vumbi.

Simu kati ya visiwa zilikuja kukatwa. Habari zilivuka kwa kaseti, mfukoni mwa wafanyabiashara waliokuwa na roho ngumu. Katika kaseti moja Nassurdine alisema yuko kwa dada yake, kwa kuwa nyumba ya mama sasa ni ya dada, na anatengeneza redio. "Huku mimi mgeni, huko mimi adui," alisema. Kisha kaseti ikazunguka bure, halafu: "Nimekosa mtu wa kunisomea." Oumaya aliirudisha kaseti mahali hapo mara nyingi hata utepe ukaanza kukwaruza.

Mwaka uliofuata, msimu wa Wangazija walioko Ufaransa kurudi kuoa na kuoza, Bwana Chamsidine alipiga hodi Magoudjou. Alikuwa mtu mnene, mwenye kofia ya darizi nzuri, na siku hiyo kofia imekaa upande.

"Bi Oumaya, nimekuja kwa shida."

"Karibu. Shida ndizo zinazoleta wageni siku hizi."

Alimeza hilo akaketi. Shida yake ilikuwa hivi. Alikuwa akimwoza binti yake kwa ada, ile ndoa kuu ambayo mtu wa Ngazija asipoitimiza hana sauti katika mji wake. Nyumba ya binti ilikuwa tayari, fanicha zake ziko ndani ya kontena, na kontena liko bandarini. Halitoki bila hati iliyopigwa kwa mashine, ya juu na nakala zake chini yake, zote kwa pigo moja. Kompyuta ya zamani ilikuwa imekufa. Mpya ilikuja kutoka Réunion, nzuri, inang'aa, na haielewani na printa. Printa hizi mpya za kunyunyiza wino huandika karatasi ya juu tu. Nakala za chini hutoka tupu. Za mkono bandarini hawazitaki, wanasema ndizo njia ya magendo. Harusi ilikuwa imekaribia na Chamsidine hakuwa na hata kiti cha kumkalisha bwana harusi.

"Je, Nassurdine hakuacha maelezo yoyote?" aliuliza.

"Nije niangalie," alisema Oumaya.

Alipofika ofisini, Nourhane alimwonyesha. Printa ililia, ikatoa ukurasa wenye vikopakopa kama vya karata, vinyago vinavyocheka na herufi moja moja, ikasukuma karatasi nyeupe tele mpaka sakafuni. Oumaya akashika mdomo asicheke. Aliujua ugonjwa huo. Nourhane kwa upande wa kompyuta alikuwa amefanya kila kitu sawasawa: printa yao haikuwamo katika orodha ya kompyuta mpya, naye akachagua draiva ya printa iliyo ndugu yake wa karibu kabisa. Ila printa zile zina lugha mbili, na ya kutumia huchaguliwa kwa swichi ndogo kama punje ya mchele, chini ya kifuniko, nyuma ya kichwa chenye zile pini za kupiga karatasi. Kompyuta ilisema lugha hii, printa ikasikia ile. Unageuza swichi, unazima, unawasha. Basi. Kazi ya kikombe kimoja cha chai.

Vidole vilimwasha. Alikwisha kunyanyua kifuniko, pini ya nywele iko mkononi, ndipo akamwona Chamsidine amesimama mlangoni. Mlango ule ule. Akarudisha pini kichwani.

"Kuna swichi humo chini huchagua lugha ya mashine," alisema. "Lakini hii ni kazi ya Nassurdine."

"Nassurdine yuko Mutsamudu!"

"Najua alipo, Bwana Chamsidine. Wewe je, unajua alifikaje huko?"

Jasho lilimtoka mtu mzima, akainamisha uso. Alisema ataona la kufanya. Oumaya akaenda zake akiwa na hofu, maana alijua sasa amecheza na kitu asichoweza kukirudisha. Wangempata fundi mwingine, au ndoa ingevunjika na lawama zote zimwangukie yeye.

Siku chache baadaye alipita tena ofisini, kisingizio anafuta vumbi lisiingie kwenye mashine. Nourhane alimwekea chai, kisha akawa ananawa wino mikononi.

"Nimezipata zile swichi, da Oumaya," alisema kwa unyonge. "Nimegeuza moja kwa kalamu. Haikusaidia, vikopa vile vile."

Oumaya alifungua kifuniko, akatazama. Msichana alikuwa amegeuza ile ile yenyewe! Kilichobaki ni kuzima na kuwasha tu, kwa kuwa printa ile husoma swichi zake inapoamka, ikishaamka haizitazami tena. Na hapo ni Moroni, ambako umeme huja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Ukikatika dakika hii na kurudi, printa itaamka inasema vizuri, Chamsidine atapata fanicha zake, na Nassurdine atabaki Mutsamudu anatengeneza redio. Katika mji mzima, ambamo kila mtu alikuwa akimwomba Mungu umeme usikatike kwa ajili ya feni na friji, Oumaya aliomba kuliko wote.

Taa ikayumba. Oumaya hakungoja jibu la dua. Alichomoa pini ya nywele, akairudisha swichi ilikokuwa, na umeme ukazimika pale pale, chumba kizima kimya. Alipoinua kichwa, Nourhane alikuwa anamtazama, maji yanamdondoka vidoleni.

Umeme ukarudi, Nourhane akajaribu kuchapa, vikopa vikatoka vingi vya kutosha.

"Chai yako inapoa, da Oumaya," alisema Nourhane.

Chamsidine aliyekuwa na nusu ya serikali katika waalikwa wake alikwenda kwa huyu, akaenda kwa yule, na mwisho kwa mwanajeshi mmoja mkubwa aliyekuwa akiitaka sana meza ya mbele harusini. Kibali kikapatikana: Nassurdine wa Mutsamudu aingie Moroni kwa kazi ya kutengeneza mashine, na arejee alikotoka kazi itakapokwisha. Mfanyabiashara wa vitunguu akavuka nacho.

Nassurdine alishuka bandarini asubuhi, amekonda, shati limekuwa kubwa. Askari alikisoma kibali mara mbili, akampeleka moja kwa moja ofisini. Oumaya alikuwa amekwisha fika. Walisalimiana kwa mkono mbele za watu, kama majirani, na Oumaya akatamani kulia hapo hapo.

Chamsidine alimkaribisha kwa maneno mengi. Nassurdine hakumtazama. Alifunua kifuniko, akainama. Swichi zote zilikuwa na vumbi la miaka isipokuwa moja, safi, na pembeni yake mkwaruzo mwembamba ambao fundi yeyote angedhani ni wa sindano. Yeye alikuwa ameiona mikwaruzo hiyo ya pini ya nywele katika kila printa ya Magoudjou. Alinyanyua macho akamtazama mkewe. Oumaya akatazama dari.

Basi hapo Nassurdine akaanza maonyesho. Aliitisha chai. Alifungua kila kinachofunguka, akapuliza, akatia mafuta, akasikiliza mashine kwa sikio kama daktari, akatikisa kichwa, akaguna. Askari alichoka akaenda kukaa nje. Ndipo akageuza swichi ile, na nyingine moja jirani yake, akazima, akawasha. Printa ikalia, ikaandika hati ya kontena maneno yote mahali pake, na nakala zake chini zikisomeka mpaka ya mwisho. Nourhane alipiga makofi. Chamsidine alikaa chini akajipangusa uso kwa kofia yake ya darizi.

Nyumbani, Nassurdine alisimama mbele ya kabati akalitazama sanduku bila kuligusa.

"Swichi moja," alisema. "Ulijua."

"Tangu siku ya kwanza."

"Ukakaa kimya, harusi ya watu inaungua?"

"Printa ningeitengeneza mimi," alisema Oumaya. "Wewe ningekuleta na nini?"

Nassurdine alimshika mikono, na safari hii hakukuwa na watu wa kuwatazama. Walilia wote wawili, hawakuoneana haya. Kisha Nassurdine akakumbuka kibali: kazi imekwisha, na askari watakuja.

"Nani kasema imekwisha?" Oumaya alifuta machozi kwa leso yake. "Ile swichi ya pili uliyoigusa, ya urefu wa karatasi. Unadhani sikuona?"

Kweli. Asubuhi yake Chamsidine mwenyewe alikuja, kontena limetoka, fanicha zimefika kwa binti, uso wake unang'aa kwa furaha. Ila mashine, alisema, ina jambo. Kila karatasi inayotoka, maandishi yanateremka kidogo, na ikifika jioni jina la mtu linaangukia kwenye mstari wa mwenzake.

"Hiyo inataka fundi wa kuipangia karatasi kila asubuhi," alisema Nassurdine.

"Kwa muda gani?"

"Sijui, Bwana Chamsidine. Printa kuukuu hizi."

Chamsidine hakuwa mjinga. Mtu mjinga hatoi mizigo bandarini. Alimtazama mume, akamtazama mke, akalitazama sanduku juu ya kabati. Akavua kofia.

"Nilikusikia siku ile," alimwambia Nassurdine. "Ukigonga. Nilikusikia vizuri." Akaigeuza kofia mikononi. "Askari wakiniuliza, nitawaambia kazi bado."

Nassurdine alipanda kiti akalishusha sanduku. Visiwa vilikuja kupatana baadaye, kwa namna yao, na vibali vikafutwa. Lakini hakuna mtu aliyewahi kupeleka habari kwa askari kwamba kazi imekwisha, na katika makaratasi yao printa ya Chamsidine ingali inatengenezwa mpaka leo.