Deni Ambalo Halikuja Mazishini

Siku tuliyomzika mume wangu Badi, nilikuwa chumbani na wanawake wenzangu, dirisha limefunguliwa nusu. Nje uani wanaume walikuwa wamelizunguka jeneza. Swafwan, mdogo wake Badi, akapaza sauti hata sisi wa ndani tukasikia.

"Jamani, ndugu yetu alikuwa binadamu. Mwenye kumdai na aje kwangu, deni lake ni juu yangu. Na mwenye kusamehe, amsamehe."

Nikamsikia fundi wa tuktuk akitaja chake. Mwenye duka la mbele naye akataja, unga na mafuta ya taa. Nilijua liko deni jingine. Badi alikuwa amekopa kwa simu shilingi elfu sita, akanunua magurudumu ya tuktuk aliyokuwa akiiendesha. Laini ilikuwa mfukoni mwake lakini imesajiliwa kwa kitambulisho changu, maana chake kilipotea na kukipata kingine ilikuwa nenda rudi isiyokwisha. Basi nikatega sikio nione kama wenye deni lile watatajwa. Hawakutajwa. Nikasema moyoni, aliyeitwa mbele ya jeneza asije, huyo amesamehe. Ndivyo tulivyolelewa. Haikunijia kabisa kwamba wale wa simu hawakuwa na habari ya msiba wetu.

Nikaketi eda miezi minne na siku kumi. Simu ya Badi niliizima, nikaitia sandukuni pamoja na kofia yake.

Nilipotoka eda nilikuwa nimebaki na mtoto mmoja nyumbani, Afiya, wa kidato cha tatu, na kodi ya chumba chetu hapa Muyeye, Malindi. Tuktuk alikuwa ameichukua mwenyewe, kwani Badi aliiendesha tu. Nikaanza kukaanga viazi karai mlangoni. Viazi vinalisha, lakini havilipi karo. Ndipo nikasikia hosteli moja ya wanafunzi kule Kilifi inataka mpishi. Nikaenda, nikapika pilau ya majaribio, na msimamizi, Bi Linet, akala sahani mbili.

"Kazi ni yako, mama," akaniambia. "Ila utashika ufunguo wa stoo. Wenye hosteli wanataka cheti cha CRB, kuonyesha hudaiwi na mtu. Niletee kabla ya Ijumaa kwisha."

Ilikuwa Jumatatu. Nilirudi Malindi nikicheka peke yangu. Mimi na mikopo wapi na wapi?

Afiya akatazama kwenye simu yangu. Nilikuwa namtazama uso, kama ninavyomtazama siku zote akisoma kitu nisichokielewa vizuri. Uso ulibadilika.

"Mama, umeandikwa. Wanasema hukulipa. Sasa ni elfu kumi na moja na mia nne."

Nilikaa chini pale pale penye maganda ya viazi.

Usiku ule sikulala, na asubuhi nikauza cherehani yangu. Nikapata elfu saba na mia tano. Haikutosha deni. Jirani akaniambia yuko bwana mmoja mjini, Lewis, ana ofisi juu ya duka la mapazia, kazi yake ni kusafisha majina ya watu. Nikaenda Jumanne hiyo hiyo.

Kwenye ngazi nilimkuta mama wa Kigiriama amempakata mtoto. Tukaamkiana. Jina lake Dorcas, ametoka Ganze. Nikaitwa ndani kabla yake.

Lewis alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi vizuri. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikaona mezani pake rundo la vitambulisho vya watu vimefungwa kwa raba. Kitabu cha risiti sikukiona.

"Mama, usilie. Jina lako ni nguo nyeupe iliyomwagikiwa mchuzi. Mimi ndiye dobi," akasema. "Elfu saba. Alhamisi unashika cheti mkononi."

"Na deni lenyewe?"

"Deni halikuhusu tena. Tunaandika malalamiko kwamba kitambulisho chako kiliibwa, laini ikasajiliwa bila wewe kujua, na aliyekopa ni Badi. Unatia saini hapa."

"Badi ni mume wangu."

"Si umeniambia ni marehemu?"

"Ndiyo."

"Basi. Marehemu haitwi polisi."

Akanisogezea karatasi na kalamu. Nitasema kweli, kalamu niliishika. Nilimwona Afiya amekaa nyumbani na sare yake imetundikwa ukutani. Nikafikiri, Badi yuko mbele ya Mola, hili la karatasi litamdhuru nini? Halafu nikafikiri lile tunaloambiwa tangu chuo cha Kurani, kwamba roho ya maiti hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Na mimi nisilipe, na juu yake nimwite mwizi? Mtu aliyekuwa akinipa hesabu ya tuktuk kila jioni, hata shilingi kumi ya chai akaitaja?

"Nipe dakika, baba. Nivute pumzi nje."

"Vuta, lakini bei ya kesho si ya leo."

Pale ngazini Dorcas akanitazama mkono.

"Ushampa?"

"Bado."

"Mimi nilimpa mwezi wa pili. Hii ni mara ya nne nakuja. Kwanza aliniambia mtandao, halafu mkubwa wake yuko Nairobi. Leo sijui ataniambia nini."

"Jina lako halijasafishwa?"

"Limesafishwa nini, dada? Pesa ndizo zilizosafishwa." Akacheka kidogo, mtoto naye akacheka kwa kumwona mamake. "Na kitambulisho hanirudishii. Siondoki leo mpaka anipe."

Mimi changu kilikuwa bado ndani ya pochi. Nilikishika kwa nje kuhakikisha, nikateremka.

Pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu, na sikupataka. Swafwan anauza samaki wa kukaanga karibu na soko. Alikuwa amekwisha kulipa ya fundi na ya dukani, na mkewe hakulificha neno kwamba mali ya watoto wake imekwenda kwa maiti.

"Shikamoo shemeji," akanisalimu, maana Badi alikuwa mkubwa wake na mimi ananipa heshima hiyo hiyo. Nikamweleza. Akageuza samaki karaini muda mrefu.

"Hilo deni lina jina lako, shemeji."

"Jina langu, mkono wa ndugu yako."

"Kwa nini hukusema siku ile? Watu wote walikuwapo!"

"Nilidhani wamesamehe. Ulisema mwenye kusamehe asamehe, na hawakuja."

Alinitazama kana kwamba nimepungukiwa akili. "Wale? Wale wasamehe?" Akacheka, halafu cheko likamkatikia. Akauweka mwiko chini. "Niliwaita kwa mdomo, na wao hawana masikio. Lakini nililisema neno mbele ya jeneza."

"Ulilisema."

"Mke wangu ataniua." Akafungua kopo la chini ya meza, akatoa elfu nne, noti zinanuka samaki. "Ndizo zote, wallahi. Kesho nitanunua samaki kwa mkopo."

Jumatano Afiya aliwapigia wenye deni. Nilimwambia aseme kweli tupu: aliyekopa amekufa, mjane analipa. Wakatuzungusha asubuhi nzima. Mwishowe mmoja akakubali, tukilipa siku hiyo hiyo kwa mara moja, watapunguza faini, tutoe elfu tisa. Tukatuma. Ujumbe ukaja kwamba deni limekwisha. Nilimwambia Afiya anisomee mara tatu. Nililitaja jina la Badi kwa sauti, mchana kweupe, jirani akachungulia.

Zilizobaki zikatosha cheti na nauli. Lakini cheti hakikuja. Wenye kutoa cheti wakasema jina halifutiki siku moja, wakopeshaji lazima kwanza wapeleke habari. Alhamisi kimya. Ijumaa nikaenda Kilifi na ule ujumbe wa simu. Bi Linet aliusoma, akaniangalia kwa huruma.

"Mimi nakuamini, mama. Lakini si mimi mwenye hosteli."

Kwenye benchi alikuwa amekaa mwanamke mwingine, cheti chake ndani ya mfuko wa plastiki, amekishika kwa mikono miwili. Sikumchukia. Nilikaa naye mpaka saa kumi na moja nikiangalia simu yangu. Kisha nikapanda gari nikarudi.

Cheti kiliingia Jumanne. Bi Linet ameandika nambari yangu, asema mpishi akiumwa ataniita. Mpaka leo hajaumwa, na siwezi kumwombea maradhi.

Wiki iliyofuata shule zilifunguliwa, Afiya akabaki nyumbani kunimenyea viazi. Jioni nilitoa simu ya Badi sandukuni nikaiwasha, nihakikishe hakuna jingine. Ikalia pale pale. Afiya akasoma kimoyomoyo.

"Soma kwa sauti, mwanangu."

"Wanasema hongera, Shahida, umelipa vizuri. Sasa unaweza kukopa mpaka elfu kumi."

Tulitazamana. Karo ya muhula mzima haifiki hapo. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya kioo, na mimi sikumwambia akiondoe upesi kama nilivyotakiwa.

Halafu nikaichukua simu. Nikaitoa laini, nikaikata vipande viwili kwa kisu cha viazi.

"Mama, na karo?"

"Washa jiko," nikamwambia. "Watu wanatoka kazini."