Mahali pa Kuzaliwa

Mwandiko wangu ni mzuri. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mitano, na hadi leo mtu wa Rutamba akiwa na barua ya kuandika huniletea mimi. Kwa mwandiko huohuo nilimfanya mama yangu kuwa mgeni.

Kijiji chetu kilikuwa kinaandikishwa vitambulisho vya taifa. Nilichukua fomu mbili kwa mtendaji wa kijiji, yangu na ya mama, tukakaa barazani. Mama alikuwa amepita miaka themanini, hajui kusoma, macho yana ukungu, ila ulimi ulikuwa mzima. Nikamuuliza mahali pa kuzaliwa.

"Rutamba," akasema bila kusita.

Nikaweka kalamu chini. "Mama, wewe ulizaliwa ng'ambo. Umenihadithia mwenyewe."

"Najua nilikozaliwa. Wewe andika Rutamba."

"Kudanganya kwenye fomu ya serikali ni kosa."

Akanigeuzia uso. "Mwanangu, serikali haimuulizi mtu alikotoka kwa kutaka habari. Ikiuliza, ina lake."

Nikacheka. Naona aibu kulisema, lakini nilicheka, kama nilivyozoea kumcheka mtoto aliyekosea hesabu ubaoni. Nikaandika "Msumbiji" kwa herufi kubwa, nikaenda kula.

Fomu haikuwa na nafasi ya kueleza mengine. Kwetu ni Rutamba kweli. Mama wa bibi yangu alizaliwa hapa, enzi ambazo watu wa bara waliiogopa Kilwa kwa sababu waliopelekwa huko wamefungwa hawakurudi. Hata mimi utotoni, nikikataa kulala, niliambiwa nitapelekwa Kilwa. Kisha wakaja Wajerumani. Ili kuvizima vita vya Maji Maji walichoma maghala, njaa ikala watu, na yule mama wa bibi akakimbilia kusini akavuka Ruvuma. Huko akamzaa bibi, na bibi akamzaa mama. Wareno nao wakawa wanalimisha watu pamba kwa nguvu, na asiyetimiza anapigwa viganjani kwa kibao chenye matundu. Bibi akamfunga mama mgongoni, akavuka mto kurudi kwao.

Kwao alikuta Waingereza. Jumbe wao akamwandika "mgeni wa ng'ambo". Bibi akampeleka hadi kwenye makaburi ya wazee wake, akamwonyesha moja moja. Jumbe akamjibu kwamba kaburi haliwezi kutoa ushahidi.

Kila mkubwa aliyeigombania nchi hii alituandika alivyopenda. Tulipopata bendera yetu nilidhani yamekwisha. Darasani nilifundisha somo la Uraia, nikachora ramani, mto Ruvuma kwa chaki ya buluu, na mpaka juu yake kwa nyekundu. Sikuwahi kuwaambia watoto kwamba bibi yangu aliuvuka ule mstari mwekundu akiwa na mtoto mgongoni, akirudi nyumbani.

Baadaye ikaja barua, tufike ofisi ya uhamiaji Lindi, mimi na mama. Afisa alikuwa kijana, lafudhi yake ya Dar. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu." Alimwekea mama kiti karibu na feni. Alikuwa na adabu, na adabu ile ndiyo iliyonichoma zaidi, maana sikupata hata mtu wa kumtukana.

Akasoma fomu, akamtazama mama mashavuni. "Hata hizi chale za usoni ni za ng'ambo, bibi."

"Alichanjwa Rutamba," nikasema, "alipovunja ungo. Aliyemchanja alikuwa jirani yetu."

"Mwalimu, fomu imesema Msumbiji. Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Basi na wewe una shida." Akanieleza taratibu. Mama hana hati yoyote ya kuonyesha kuwa ni raia. Baba yangu je? Nikasema ukweli tena, kwa kuwa mjinga hafundishiki kwa siku moja: baba alikuwa kibarua wa mashamba ya mkonge, aliondoka kabla sijaota meno, na kwao hakuna apajuaye. Kijana akafunga jalada. "Sasa uraia wako wewe umeupata kwa nani?"

Mama ndiye aliyemjibu.

"Baba, huyu si mwanangu wa kumzaa."

Nikamgeukia. Hakunitazama. Akaendelea kwa sauti ileile anayoulizia bei ya chumvi. "Niliachiwa. Mama yake alikuwa binti wa Kimwera, wa hapahapa Rutamba, alifia uzazi. Mimi nilimlea tu. Mtoto wa watu asiadhibiwe kwa ugeni wangu."

Afisa akasema hilo litahitaji hati ya kiapo. Mama yangu, aliyekuwa hakubali kuapa hata kwa kuku aliyepotea, akapelekwa kwa wakili, akashika msahafu kwa mikono miwili, akaapa kwamba hakunizaa. Nilikuwa nimesimama kando yake. Ningeweza kusema neno, nikanyamaza. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na kitu na niliogopa.

Njiani kurudi nilishindwa kumtazama. Tulipokaribia nyumbani akaniambia, "Wangekurudisha wapi wewe? Hata kuogelea hujui." Akacheka peke yake.

Kitambulisho changu kilitoka. Yeye alipata barua ya kumtaka aombe kibali cha kuishi nchini. Aliikunja akaiweka chini ya godoro, asiitaje tena. Lakini tangu siku ile kila baada ya swala alikaa sana juu ya mswala. Nilimsikia akiomba toba kwa kiapo kile, na kila mara nilitoka nikaenda kupalilia mikorosho isiyokuwa na magugu. Majuto ni mjukuu, wanasema. Kwangu yalikuja mapema, yakakaa.

Alifariki masika yaliyopita. Tulimzika karibu na bibi. Siku ya tatu nikaenda kwa mtendaji kuandikisha kifo. Akanipa fomu na kalamu. Mahali pa kuzaliwa kwa marehemu: sikuinua kichwa, nikaandika Rutamba. Chini yake palikuwa na nafasi ya uhusiano wangu na marehemu. Mkono ukasimama hapo.

Mtendaji amekulia mlango wa pili na kwetu. Uji wa mama yangu ameunywa. "Andika mtoto, mwalimu," akasema. "Nani atauliza?"

Watauliza tu, siku moja. Na nikiandika mtoto, nitakuwa nimemtoa mama kaburini na kumwita mwongo aliyeapa kwa msahafu. Ukweli wangu nilikwisha kuuandika mara moja, kwa herufi kubwa.

Safari hii nilimtii. Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri: alinilea.