Siku Alinanuswe Alipopaza Sauti Nyumbani

Sokoni Tunduma, Alinanuswe hana mpinzani kwa mdomo. Anauza maharage, na Mzambia akijitia kung'ang'ania bei ya bure atajibiwa kwa Kiswahili, kwa Kibemba, na kuchekwa juu. Mfuate nyumbani, utadhani umekosea mtu. Huko hasikiki. Mzee Watson, baba mkwe wake, akikohoa tu nje ya ua, mama huyu mzima anakusanya kanga na kupotelea nyuma ya jiko.

Ndivyo alivyolelewa milimani Ileje: mwanamke aliyeolewa haonani ana kwa ana na baba mkwe, wala hamsikizishi sauti yake. Mzee naye hukohoa kwanza ili ampe nafasi. Wameishi hivyo miaka mingi, tena kwa amani kuliko majirani wanaokula sahani moja.

Erica, mtafiti wa mila kutoka chuo kikuu, alikuwa amepanga chumba kwao. Alitaka kujua jinsi malezi yanavyomfinyanga mtu. Alimwona Alinanuswe sokoni, akamwona nyumbani, uvumilivu ukamshinda.

"Mama Pendo, wewe hasa ni yupi?"

"Wote ni mimi, mwanangu. Kwani wewe kanisani unapiga kelele?"

Erica alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa moja kikohozi cha mzee kilikuja kifupi, kimebanwa, cha mtu anayeogopa kujitonesha. Kule nyuma ya jiko Alinanuswe alishtuka. Alimnong'oneza mumewe, Ambakisye, kwamba baba anaumwa.

"Baba mzima! Amenitania sasa hivi."

Erica naye alikuwa amemsalimia na hakuona kitu. Wote wawili walitazama uso, na mzee yule hata aumwe vipi hutabasamu.

Ndipo Alinanuswe alipotoa sauti ile ile ya sokoni, katikati ya ua, mzee akiwa ndani anasikia: "Baba Pendo, mpeleke baba hospitali! Sasa hivi!" Kisha akajiziba mdomo kwa kanga, aibu imemjaa.

Ilikuwa nimonia. Daktari alisema wangechelewa kidogo wangempoteza. Mzee alipokuwa wodini Alinanuswe alimshukuru Mungu kwa uhai wake, na papo hapo akaogopa siku mzee atakayorudi nyumbani. Heshima aliyoitunza tangu aolewe, ameivunja kwa mdomo wake mwenyewe!

Mzee aliporuhusiwa, alikaa barazani akamwita Erica. Alinanuswe alikuwa nyuma ya ukuta, ametega sikio.

"Mwambie mwanangu," mzee alisema, "wenzake walinitazama. Yeye alinisikia. Namshukuru sana, na asione aibu."

Machozi yalimtoka Alinanuswe. Erica alipomfikia, yule hodari wa maneno aliambulia machache tu: "Mwambie baba, nami nashukuru kwamba yupo."

Ukuta wenyewe mwembamba, na mzee alikuwa ameshasikia kila neno. Hata hivyo alimsubiri Erica azunguke nyumba yote, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua kofia na kusema, "Amina."